Uraibu Usioandikwa Hupotea na Mwenyewe

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hufundishwa mapema kuwa uraibu ni jambo alipendalo mtu na kulifanya wakati wa mapumziko: kusoma vitabu, kutazama filamu, kusikiliza nyimbo, kupiga picha. Neno hilo hilo hutumiwa kwa tambuu, tumbaku na dawa za kulevya. Huenda ndiyo sababu baadhi ya wasomi huuona uraibu kuwa jambo la pembeni, lisilostahili kuingia katika tasnifu. Makala haya yanashikilia kinyume cha mtazamo huo. Sehemu kubwa ya sanaa ya Kiswahili iliyozaliwa au kustawi katikati ya jiji la Nairobi imo mikononi mwa waraibu, wala si katika maktaba za vyuo vikuu. Isipopata watu wa kuiandika, itazikwa pamoja nao.

Nyimbo ndizo mfano ulio wazi zaidi. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walifika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kujijengea jina kwa bendi ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga na kuunda Les Wanyika, bendi iliyotoa wimbo "Sina Makosa". Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo wanauimba harusini na ndani ya matatu. Hata hivyo, mwanafunzi akitaka kuchambua nyimbo za aina hii, aghalabu hukosa matini ya kutegemea. Hulazimika kuandika kama asikiavyo, na msikilizaji wa pili husikia neno jingine. Tenzi za Lamu na Mombasa zilipata wahariri wa kulinganisha miswada. Nyimbo nyingi za River Road bado zinawangoja wahariri wao.

Wenye sahani zenyewe ni wapenzi wa santuri. Duka la Melodica katika Mtaa wa Tom Mboya lilianzishwa mwaka 1971, na nje kidogo ya katikati ya jiji, katika Soko la Kenyatta, Jimmy Rugami amejulikana kwa miaka mingi kwa kibanda chake cha sahani kuukuu. Kwa mpita njia, hizo ni bidhaa zilizopitwa na wakati. Kwa mtafiti, karatasi ndogo iliyobandikwa katikati ya sahani ni ushahidi: huweza kuwa na jina la mtunzi, la bendi na la kampuni.

Umuhimu wa ushahidi wa aina hiyo unadhihirika katika kisa cha "Malaika". Fadhili William aliurekodi wimbo huo Nairobi mapema katika miaka ya 1960, nao Miriam Makeba na Boney M. wakauimba mbele ya dunia nzima. Fadhili alifariki mwaka 2001 akitambuliwa na wengi kuwa ndiye mtunzi, ilhali Adam Salim na Grant Charo nao wana watetezi wao. Mjadala huu hauwezi kukatwa kwa kusifu utamu wa sauti wala uzuri wa maneno. Ulihitaji maandishi yenye jina na tarehe, yaliyowekwa wakati wimbo ulipokuwa ungali wa watu wachache.

Hali ya filamu haitofautiani sana na hiyo. Majumba ya sinema kama Odeon na Cameo yaliacha kuonyesha filamu, lakini mapenzi ya filamu hayakufa. Yalihamia katika vibanda vya video, ambako DJ Afro alipata umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, kama alivyofanya Lufufu nchini Tanzania. Katika filamu ya *Nairobi Half Life* (2012) iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, kijana Mwas anauza filamu huku akiziigiza mbele ya wateja. Hawa ni mafanani kamili: wana hadhira, wana mbinu za kuirejelea, wana misemo yao. Mtafiti wa fasihi simulizi anayesafiri hadi kijijini kumtafuta fanani humpita mwingine karibu na kituo cha matatu.

Ama kuhusu picha, tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi katika Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Mohamed Amin, aliyeanza kupiga picha akiwa mwanafunzi, alikuwa miongoni mwa waliolinasa tukio hilo kwa kamera. Picha zake zinasomeka hadi leo kwa kuwa zina jina, siku na mahali. Linganisha na maelfu ya picha ambazo familia zimepigwa mbele ya jumba la KICC na katika bustani ya Uhuru, watu wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Nyingi hazina neno hata moja mgongoni. Mwenyewe akifariki, wajukuu hubaki na sura wasizoweza kuzitaja. Simu za mkononi zimeongeza picha bila kuongeza maelezo.

Watakuwepo watakaopinga kuwa mraibu hana mbinu ya utafiti na huhifadhi akipendacho tu. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yasingetufikia kwa wingi yalivyo kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingeyapenda kiasi cha kuyakusanya, na kama W. E. Taylor asingeyaandika na kuyafafanua. Diwani ilipochapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima ilikuwa imepita. Mapenzi ya mmoja na kalamu ya mwingine ndivyo vilivyoiokoa hazina ambayo leo hutahiniwa vyuoni.

Kwa hiyo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havina budi kuanza kazi ndogo inayowezekana. Kila mwanachama amtafute mraibu mmoja. Anukuu wimbo mmoja, nukuu yake ikaguliwe na wasikilizaji wawili, na maneno yenye utata yaonyeshwe. Aandike maelezo ya picha kumi akiwa ameketi na mwenyewe. Anakili masimulizi ya filamu moja. Mali ibaki kwa mwenyewe, na maandishi yawekwe katika maktaba ya idara kwa idhini yake. Hakimiliki iheshimiwe: chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2001, maneno ya wimbo hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo nukuu hizo ziwe za masomo, si za biashara.

Kazi hiyo haihitaji ufadhili mkubwa. Inahitaji daftari, masikio na nauli ya kufika mjini. Wenye sahani na picha wapo, na wengi wao wangali wanakumbuka. Inafaa waulizwe sasa.