Upole Njiani: Kwa Baisikeli Kando ya Ziwa la Annecy



Wanafunzi wanaojifunza ramani ya Ulaya wamekwisha kuona kwamba upande wa mashariki wa Ufaransa, karibu na mipaka ya Uswisi na Italia, nchi huinuka ikawa milima mirefu iitwayo Alpes. Katikati ya milima hiyo, katika mkoa wa Haute-Savoie, limelala ziwa la Annecy. Si ziwa kubwa: urefu wake haufiki kilometa 15, nalo liko mita 447 juu ya usawa wa bahari. Ndugu zetu wa Kivu wakiliona watalihesabu kuwa dogo mno. Lakini kando yake iko njia yenye mafundisho kwa jamaa za Kikristo, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza juma hili. Ni njia ya baisikeli, ambayo motokaa hairuhusiwi kupita.

Kila mtu aliyezaliwa katika nchi ya milima na maziwa anajua shida ya barabara zake. Kati ya maji na mlima, mahali pa kupita ni pembamba, na motokaa hupachukua pote. Mwenye baisikeli hubanwa kati ya magari na ukuta wa mawe. Akiukimbia ukingo wa ziwa, hana budi kupanda. Kule Annecy, kwa mfano, anayetaka kupita mlimani upande wa mashariki kwa njia ya Forclaz hufika mita 1,157, maana yake amepanda karibu mita 700 kutoka ziwani. Kijana mwenye nguvu ataiweza safari hiyo. Je, mama mwenye mtoto mdogo, au mzee, atafanyaje?

Jibu lilitoka kwa gari la moshi. Mwaka 1901 ilifunguliwa reli ya kutoka Annecy mpaka Albertville, ikipita upande wa magharibi wa ziwa. Enyi wanafunzi, angalieni jambo hili: gurudumu la chuma likizunguka juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi, kwa hiyo gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali. Kwa kawaida mainjinia hawalipandishi zaidi ya mita 2 au 3 kwa kila mita 100 za mwendo. Basi walikata vilima, walijaza mabonde, na pale Duingt, ambapo mlima unaingia ziwani, walitoboa shimo la kupita chini ya mwamba, lenye urefu wa karibu mita 200. Baadaye motokaa zikawachukua abiria, magari ya moshi yakaachwa, reli zikang'olewa. Lakini tuta lililobaki lilikuwa bado sawasawa. Wenyeji hawakuliacha liliwe na magugu. Kidogo kidogo walilitandika lami, wakawapa waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Hivyo leo mtoto wa miaka minane anaweza kusafiri kati ya milima, huku mbele ya macho yake kilele cha Tournette kikifika mita 2,351, bila kushuka na kusukuma baisikeli yake.

Tuifuate njia hiyo kwa mawazo. Kutoka mjini Annecy tunafika kwanza Sevrier, mahali ilipohamia karakana ya jamaa ya Paccard, ambao tangu mwaka 1796 kazi yao ni kusubu kengele. Ndio waliosubu mwaka 1891, katika karakana yao ya zamani ya Annecy-le-Vieux, kengele kubwa ya kanisa la Moyo Mtakatifu wa Yesu huko Paris, yenye uzito wa karibu tani 19. Halafu tunapita Saint-Jorioz, tunaingia katika shimo la Duingt, tunatokea mwisho wa ziwa penye matete na ndege, mahali palipowekwa chini ya ulinzi wa serikali tangu mwaka 1974. Ng'ambo ya maji tunaiona ngome ya Menthon. Mapokeo yasema kwamba humo alizaliwa Mtakatifu Bernardo, ambaye Baba Mtakatifu Pio XI, mwenyewe mpanda milima hodari, alimweka mwaka 1923 kuwa msimamizi wa watu wa milimani.

Nayo maji ya ziwa tunayaona safi. Hayakuwa hivyo sikuzote, kwa maana uchafu wa nyumba ulikuwa ukimwagwa ndani yake. Mwaka 1957 wenyeji wa ukingoni walianza kuunganisha miji yao, wakazungusha mabomba makubwa ya kuuchukua uchafu mbali na ziwa. Mji mmoja peke yake usingaliweza.

Lakini mwenyeji mkuu wa nchi hii ni Mtakatifu Fransisko wa Sales. Alizaliwa mwaka 1567 katika ngome ya Sales, si mbali na Annecy, akawekwa kuwa askofu wa Geneva mwaka 1602. Kwa kuwa Geneva ilikuwa mikononi mwa Waprotestanti, alikaa Annecy, na huko, pamoja na Mtakatifu Yoana Fransiska wa Chantal, alianzisha mwaka 1610 shirika la masista wa Visitasio. Masalia yao wote wawili yamo katika basilika iliyo juu ya mji. Husimuliwa kwamba kwa tabia alikuwa mwepesi wa hasira, naye alijishinda kwa miaka mingi hata akajulikana kote kwa upole wake. Ni kwa ajili ya upole huo Mtakatifu Yohane Bosco alichagua jina lake kwa watawa wake, Wasalesiani, ambao mwaka 1911 walifika kwetu Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Naye ni msimamizi wa waandishi wa magazeti.

Kwa nini tunamtaja mtakatifu huyu katika habari ya baisikeli? Kwa sababu njia hii imepata shida yake. Siku za joto hujaa watu: watoto wanaojifunza, wazee wanaotembea, na pamoja nao mabingwa wanaotaka kwenda mbio. Mwaka 2009 mashindano ya Tour de France yalikuwa na siku moja ya kukimbia mmoja mmoja kuzunguka ziwa hili, kilometa 40 na nusu, naye Alberto Contador alishinda kwa muda usiofika dakika 50. Siku ile barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mbio, na kila mtu alijua. Lakini kijana anayemwiga bingwa katikati ya watoto anawatendea wanyonge yale yale ambayo motokaa ilimtendea yeye barabarani. Jana alilalamika kwamba mwenye nguvu anamsukuma kando. Leo yeye ndiye mwenye nguvu, na amesahau.

Hapa ndipo lilipo fundisho letu. Kuziondoa motokaa ni jambo jema, lakini njia haiwi salama kwa kuziondoa tu. Huwa salama pale mwenye mbio anapokubali kumngoja mwenye mwendo mdogo.

Tena hesabu yenyewe yathibitisha. Mwendo ukiongezeka mara 2, nafasi inayotakiwa ili breki zisimamishe baisikeli huongezeka mara 4. Anayekwenda kilometa 30 kwa saa asidhani kwamba atasimama kama yule wa kilometa 15. Na mzigo ukizidi, breki huchoka upesi, jambo wanalolijua vema vijana wa Goma wanaoteremka na chukudu zao.

Basi, ninyi wazazi, wafundisheni watoto desturi hizi tangu sasa. Wakague breki kabla ya safari, si katikati ya mteremko. Wapige kengele mapema, wala si mgongoni mwa mtu. Wawashe taa mahali penye giza. Penye njia panda wasimame kabisa. Na wakisafiri wengi pamoja, aliye mdogo atangulie, ili wote wafuate mwendo wake. Jamaa inayofanya hivyo itachelewa kidogo, lakini itafika nzima. Wazee wetu walikwisha sema: mwenda pole hajikwai.

Na mkipanga matembezi ya Dominika, yawe baada ya Misa, wala yasiwe badala yake. Juu ya ziwa la Como, nchini Italia, kiko kikanisa cha Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye Baba Mtakatifu Pio XII alimtangaza mwaka 1949 kuwa msimamizi wa waendesha baisikeli. Yeye aliyekwenda kwa haraka milimani ili amsaidie Elizabeti awaombee wote walio njiani, wenye mbio na wenye kuchoka, wafike nyumbani kwa amani.