Staa wa Ushongo, Meli ya Kifahari na Treni ya Sh13,000

Ushongo wiki hii hakuna habari nyingine. Pwani kwa wavuvi, dukani, kwenye bodaboda za kwenda Bweni, mada ni ile ile: binti yao, staa wa Bongo Fleva ambaye hana haja ya kutajwa jina, kashuka kwenye meli ya kitalii iliyotia nanga Dar, kaiacha bandarini siku nzima, kaenda zake kupanda treni.

Kilichowasha moto ni picha moja tu. Mama mtu kajitanda kanga, kaegemea dirisha la treni ya SGR, kapakata kikapu cha ukili, na binti yake pembeni hana hata wanja. Hakuna pozi, hakuna nguo ya kuazima. Kwa staa ambaye siku nne nzima alikuwa akirusha picha za bwawa la kuogelea la kwenye meli na meza zilizosheheni vyakula, hiyo picha iliwachanganya watu.

Basi mitandaoni pakachafuka. Wa kwanza wakasema ni kiki, wimbo unakuja. Wengine wakamwonea huruma mume: mwanaume wa watu kalipia safari ya mamilioni, wawili wakale bata baharini, halafu mke anamwacha chumbani kwa ajili ya treni ambayo nauli yake ya kawaida, ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024, ilikuwa Sh13,000. Wakaja na wale wa kupima mandhari: kama alitaka kumwonyesha mama yake vitu vizuri, si angempandisha melini? Si angempeleka Maziwe?

Hili la Maziwe ndilo la kuchekesha kuliko yote. Huyo mama kazaliwa Ushongo. Maziwe, kile kisiwa cha mchanga ambacho maji yakijaa kinazama na watalii wanalipa kwenda kukiona maji yakitoka, yeye anakifahamu tangu kilipokuwa na miti na kasa wakipanda kutaga. Bahari kwake si mandhari. Ni sehemu ya kazi, ndipo walipotoka samaki waliomlea huyo staa mpaka akamaliza shule. Kumtoa mama wa Ushongo kijijini ukamweke kwenye meli atazame maji, unakuwa umemfanyia nini kipya?

Turudi kwenye siku yenyewe, maana wengi wanatukana bila kuijua ilivyokuwa. Meli iliingia Dar alfajiri na abiria wakaambiwa saa kumi na moja jioni kila mtu awe amerudi. Mume alikuwa ameshawalipia wote wawili ziara ya mji, ile ya basi lenye kiyoyozi: Makumbusho, kisha vinyago vya Mwenge, kisha chakula mahali penye upepo. Bi mkubwa naye alikuwa ameshafika Dar tangu jana yake. Alivuka mto Pangani, akapanda basi la kupitia Muheza, Segera na Chalinze, akalala kwa ndugu. Alikuja kumwona mwanawe ambaye hakuwa amemwona tangu harusi. Staa akawa na saa kama nane hivi za kumpa mama yake.

Ukizipanga hizo saa nane vizuri utaona treni haikuwa kituko. Kwenda Ushongo na kurudi haiwezekani. Kwa barabara hiyo ni safari ya siku ya kwenda tu. Kukaa hotelini Dar? Staa kama yule akikaa mgahawani dakika kumi anapigwa picha na meza nzima, mama anageuka kuwa pambo. Kariakoo ndiyo usiseme. Lakini kiti cha treni kina namba, jirani yako ana safari yake, na Dar mpaka Morogoro ni chini ya saa mbili. Kwenda na kurudi ni saa tatu na zaidi za kukaa bega kwa bega, simu zikikosa mtandao huko porini, hakuna meneja wa kuita. Siku ya bandarini ukiwa na mzazi, hicho ndicho unachokinunua. Mandhari ni ziada.

Na mandhari yenyewe isitiwe chumvi. Ukitoka Dar kuna raha ya kupita juu ya mji, mabati na miembe ya watu iko chini yako. Kisha vilima vya Pugu. Baada ya hapo, Soga, Ruvu, mpaka karibu na Ngerengere, ni pori na uzio, na kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa hata pori lenyewe hulifaidi. Uzuri unaanza pale Uluguru inapochomoza, na hapo aliyekaa upande wa kushoto wakati wa kwenda ndiye anayekula uhondo. Wa kulia anaangalia shingo za wenzake. Wanaosema angeenda mbele zaidi wana hoja kidogo, maana kule Kilosa ndiko kwenye mahandaki na milima inayobana reli. Ila Dodoma kwenda na kurudi inakula karibu saa saba ndani ya treni tu. Ukiwa na meli inayokusubiri, hiyo ni kamari.

Kuna waliosema angevuta subira afike Mombasa, kituo kinachofuata cha meli, apande ile ya Kenya inayokata Tsavo, aone tembo dirishani. Kwa mtalii, sawa. Reli ile imefunguliwa 2017 na sifa yake ni ya kweli. Lakini mpaka Nairobi ni kama saa tano za kwenda tu, kwa hiyo ungeshuka njiani na kuombea ya kurudi iwahi. Na la muhimu zaidi: mama hakuwepo Mombasa. Mama alikuwa Dar, na kikapu chake.

Sasa lile swali lililoulizwa kwa kejeli: inakuwaje mtu mzima wa mkoa wa Tanga, mkoa wenye reli, hajawahi kupanda treni? Anayeuliza hivyo hajui historia ya Pangani. Wajerumani walianza kutandaza reli kutokea Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Moshi 1911. Pangani, mji ambao kabla ya hapo misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikishukia, ukaachwa pembeni. Bandari ikawa Tanga, maduka yakaenda Tanga, na Pangani ikabaki na majumba yake ya mlango wa nakshi yanayomomonyoka. Kusini ya mto, kwenye Bweni na Ushongo, treni ilikuwa hadithi ya waliokwenda kukata mkonge Muheza wakarudi. Hata treni ya abiria ya kaskazini ilipofufuliwa, Moshi mwaka 2019 na Arusha 2020, njia yake inatokea Dar kupitia Korogwe bila kuingia Tanga mjini, na milima ya Usambara unaipita usiku. Kwa hiyo bi mkubwa kumaliza miaka sitini na kitu bila kukalia kiti cha treni si ushamba wake. Ni reli ndiyo iliyomkwepa.

Inasemekana alipofika ile stesheni ya Dar yenye umbo la tanzanite alivua viatu mlangoni, kwa jinsi sakafu ilivyong'aa, mpaka binti akamzuia. Watu wamecheka. Waliolelewa kuheshimu nyumba za watu hawakucheka.

Haya, kumtetea staa kumetosha, maana naye ana kesi ya kujibu. Kwanza, saa. Alirudi na treni ya mchana ambayo ilimbakizia muda mdogo mno kabla ya ngazi ya meli kupandishwa. Siku ile ilikwenda vizuri. Lakini hii ni reli ya umeme, na umeme una mambo yake. TRC wenyewe mwaka 2024 waliwahi kueleza kuwa ngedere na bundi ndio waliosababisha hitilafu iliyosimamisha treni njiani. Meli haijui ngedere. Ikifika saa yake inang'oa nanga, na abiria aliyechelewa kwa safari aliyojipangia mwenyewe anaitafuta bandari inayofuata kwa pesa yake. Anayetaka kuiga safari hii apande ya asubuhi kabisa, tena ile ya haraka, mchongoko, si inayosimama kila kituo, na asisahau kitambulisho na muda wa ukaguzi pale stesheni. Morogoro anywe chai, ageuke. Asianze kutafuta kupanda mlima.

Pili, na hili ndilo zito, mume aliambiwa asubuhi ile ile wakati wa chai. Tiketi zilikuwa zimekatwa siku mbili kabla. Hiyo si haki. Mtu kalipia ziara ya watu wawili, kajipanga, halafu anaarifiwa kama mhudumu. Ndoa ina miezi mitano. Angeambiwa mapema huenda tungekuwa na picha ya watu watatu dirishani.

Ila na yeye mume asijifiche nyuma ya kosa hilo. Kuna kitu ambacho mabishano yote ya nauli na mandhari yamekiruka, na Ushongo ndicho wanachokizungumza kwa sauti ya chini. Bi mkubwa alitoka kijijini na kikapu. Ndani mlikuwa na mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga waliofungwa vizuri, na nazi. Havikuwa vya binti. Vilikuwa vya mkwe. Kwa watu wa pwani ile, mama mkwe akikufuata na kikapu, unatoka nje ukakipokee kwa mikono miwili, unaamkia, ndipo mengine yafuate. Kutoka melini hadi geti la bandari ni mwendo mfupi. Mume hakushuka asubuhi kwa hasira, na jioni waliporudi hakushuka pia, wakati huo ziara yake ya mji ilikuwa imeshaisha na yuko chumbani. Kutoambiwa habari za treni ni kosa la mkewe. Mama wa watu kuondoka bila kuamkiwa ni kosa lake mwenyewe, na hakuna tiketi ya meli inayolifuta.

Wanaomtetea wanasema hata hivyo meli zile haziruhusu kuingiza vyakula vya kupikwa nje. Ni kweli zina masharti yake. Lakini kikapu kinapokelewa getini, kinaonjwa getini, na kinarudishwa kwa shukrani. Hilo nalo lingekuwa la dakika tano.

Meli imeshaondoka, picha bado iko pale pale inakusanya matusi na maua. Wenye habari za ndani wanasema wawili hao wanaongea, na kuna safari ya Ushongo inapangwa mwezi ujao, ya gari, bila wapiga picha. Kijijini wameshaanza kuuliza ni siku gani. Kikapu, kwa wanaoulizia, kiliishia kwa ndugu wa Dar. Bi mkubwa alirudi na nazi moja tu, na tiketi ya treni kaikunja kwenye pindo la kanga.