Mpeleke Mwenyewe Kambini

KUTOKA BUHA
Na Festo Ntiruka

Mvua zikishakatika na maharage yakaanikwa uani, nyumba nyingi za Kabanga, wilayani Kasulu, huingia kwenye pilikapilika za aina nyingine. Shule zimefungwa kwa likizo ya Juni, matangazo yameshasomwa kanisani, na mtoto aliyezoea kulala kitanda kimoja na wadogo zake anafungashiwa mzigo wa siku kadhaa. Waadventista wanajiandaa kwa makambi. Wakatoliki wanawapeleka watoto wa Utoto Mtakatifu kwenye makongamano yao. Waanglikana wa Dayosisi ya Western Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1966 na yenye makao yake hapo hapo Kasulu, wana mikusanyiko yao, na Wapentekoste vilevile.

Hili si jambo la juzi. Shirika la Utoto Mtakatifu lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Waadventista walifanya kambi yao kubwa ya kwanza Septemba 1868, shambani, huko Wright, Michigan, Marekani. Kanisa lao lilipofika Upare mwaka 1903, desturi hiyo nayo ikafuata. Chama chao cha watoto, Watafuta Njia, kilitambuliwa rasmi duniani mwaka 1950, na leo skafu zake za njano zinaonekana mpaka vijiji vya Kasulu na Buhigwe. Kule Marekani mzazi humpakia mtoto kwenye gari la familia na kuendesha hadi lango la kambi. Kwa Kabanga, gari la familia ni la wachache. Mtoto hukabidhiwa dereva wa bodaboda anayefahamika mtaani, au hupandishwa Fuso la mizigo pamoja na masufuria, kuni na wanakwaya, mzazi akapunga mkono barabarani na kurudi shambani.

Hapo ndipo safu hii ina neno.

Fundi seremala mmoja wa Kabanga aliamua mwaka jana kumpeleka mwenyewe binti yake wa darasa la sita. Alifunga godoro la sponji nyuma ya pikipiki kwa mpira, begi akaliweka mbele juu ya tangi, binti akakaa katikati. Mama yake alikuwa ameandika jina la mtoto kwa kalamu ya wino mzito kwenye pindo la chandarua, na namba mbili za simu kwenye ukurasa wa mwanzo wa Biblia. Walishika barabara ya kuelekea Manyovu.

Nyumbani, baba huyo na binti yake hawapati nafasi ya kuzungumza wawili tu. Kuna wadogo, kuna wateja wa vitanda na milango, kuna redio. Njiani binti alimsimulia sikioni habari za mwalimu wa hesabu, za rafiki aliyehamia Kibondo, na kwamba anataka kusomea uuguzi ili aje kufanya kazi Hospitali ya Kabanga. Baba alikuwa hajawahi kuyasikia hayo. Kisha binti akauliza swali ambalo baba hakuwa na jibu lake: vyoo viko mbali na mahali pa kulala?

Walipofika, baba hakushusha godoro na kugeuza pikipiki. Alimtafuta mama mlezi, akamwamkia, “Mwakeye, mama,” akaomba aonyeshwe wasichana wanapolala. Mlezi, mwalimu wa shule ya msingi, hakuchukia. Alimtembeza: mahema ya wasichana hapa, ya wavulana ng'ambo ya uwanja, vyoo pale penye taa, na wanawake watatu wa kulala na watoto kwa zamu. Baba akainama kidogo akamweleza jambo ambalo asingeweza kulituma kwa mdomo wa bodaboda: “Huwa anashtuka usingizini akapiga kelele. Ukimwitikia kwa jina, analala.” Mlezi akaliandika kwenye daftari lake.

Maelezo yale ya mlangoni ndiyo yanayomlinda mtoto usiku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inaweka wajibu wa kumlinda juu ya mzazi na juu ya yeyote anayebaki naye. Machi 2023 Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa kuwa umri huo unahitaji malezi ya karibu ya wazazi. Waraka ule ni wa shule. Haukutaja kambi za dini. Lakini hoja yake haiishii kwenye lango la shule. Kanisa linalomlaza mtoto wa miaka minane mbali na kwao lina deni la kumweleza mzazi ni nani atakayekuwa naye saa nane za usiku.

Kabanga ina sababu yake ya kulielewa hili kuliko miji mingine. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto Kanda ya Ziwa na magharibi mwa nchi kuanzia miaka ya 2006 na 2007, shule na kituo cha Kabanga vilikuwa kati ya mahali palipopokea watoto waliokuwa wakiwindwa, kama ilivyokuwa Mitindo huko Misungwi na Buhangija huko Shinyanga. Wapo wazazi waliofika hapo wakiwa wamembeba mtoto mgongoni, kwa hofu, bila kujua watamwona tena lini. Katika vituo vya aina hiyo walikuwapo watoto waliokaa miaka bila kutembelewa na ndugu. Mzazi wa leo anayempeleka mwanawe kambini kwa furaha, akijua siku ya kumfuata, ana neema ambayo wale hawakuwa nayo. Inauma kuona inatumika ovyo.

Na watoto wenye ualbino wenyewe wanastahili kwenda kambini. Juni 13, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, inaangukia majira haya haya, jua la kiangazi likiwa limeanza kukaza. Kambi inayowapanga watoto kwenye gwaride uwanjani saa sita mchana imewatenga wenzao hao bila kutamka neno. Kinachohitajika kinajulikana: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, kivuli, na kiti cha mbele kwa asiyeona mbali. Mzazi akifika mwenyewe, atayasema.

Kuna pia malaria. Utafiti wa taifa wa mwaka 2017 ulikuta Kigoma, mkoa wetu huu, ikiongoza mikoa ya Tanzania Bara, takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa wakiwa na vimelea. Chandarua kinatangulia sare. Blanketi pia, maana usiku wa Juni katika milima hii ni baridi. Kuhusu Fuso, maneno machache yanatosha: gari la mizigo libebe mizigo.

Wapo wazazi ambao, wakisikia haya, watasema basi mtoto abaki nyumbani. Hapana. Watoto wetu wanabanwa na mitihani hadi likizo zao zinageuzwa kambi za kitaaluma, ingawa Wizara imekwisha kukataza masomo ya likizo. Kambi ya kanisa inampa mtoto kitu tofauti: anapika kwa zamu, anafunga fundo, anajifunza huduma ya kwanza, anaimba na watoto wa Kibondo na Uvinza ambao asingewafahamu kamwe. Binti wa yule seremala alipowaona wenzake alichukua godoro lake mwenyewe akaondoka nalo. Malezi mema yanajumuisha kumwacha aende hivyo.

Makanisa yanaweza kuirahisisha kazi hii kabla ya matangazo ya mwaka ujao. Kila mzazi apewe barua yenye jina na simu ya mlezi mkuu, idadi ya watu wazima wanaolala na watoto, zahanati iliyo karibu, aina ya usafiri, siku ambayo wazazi wanaruhusiwa kutembelea, na namba 116 ya kutolea taarifa za watoto. Mchango upokelewe hata kwa maharage na unga, ili asiye na fedha taslimu asibaki nyuma. Ukurasa mmoja unatosha, na chini yake ibaki nafasi ya sahihi mbili: ya anayemkabidhi mtoto na ya anayempokea.