Mahakama ilichora mstari, nani ataandika habari za wavuvi?

Kusini kidogo ya Ras Kiamboni, pale Somalia inapoishia na Kenya kuanza, kuna visiwa vidogo vikavu viitwavyo Diua Damasciaca. Tarehe 12 Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamua visihesabiwe katika kuchora mpaka wa bahari. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba vijiwe kama hivyo havistahili kuupinda mstari kwa kiasi kisicholingana na ukubwa wake.

Ndiyo kazi ya mahakama hiyo: kupima. Somalia ilifungua kesi Agosti 2014. Kenya ilipinga mamlaka ya mahakama, ikashindwa Februari 2017, na Machi 2021 ikasusia vikao. Ilitaka mpaka uende moja kwa moja mashariki kufuata latitudo, wakati Somalia ilidai mstari wa katikati. Kilichogombewa ni pembetatu ya bahari inayozidi kilomita za mraba 100,000, yenye samaki na matumaini ya mafuta (na mafuta, bila shaka, ndiyo yaliyopamba magazeti). Majaji walisema kwa kauli moja kwamba hapakuwa na mpaka wa latitudo uliowahi kukubaliwa. Kisha, kwa kura 10 dhidi ya 4, wakausogeza mstari wa katikati kaskazini kidogo, Kenya ikapata nafuu. Nairobi iliikataa hukumu yote.

Majaji hawana la kulaumiwa. Tatizo ni kwamba mbele yao husimama dola tu. Kenya iliwataja wavuvi wake, mahakama ikajibu kuwa hali ya watu wa pande zote mbili lazima iangaliwe. Mvuvi wa visiwa vya Chula, Chovai au Koyama hakuwa na zaidi ya hapo.

Na huyo ni mtu mwenye mengi ya kueleza. Wabajuni, wenyeji wa visiwa hivyo, walivua maji haya kabla Mwingereza hajamkabidhi Mwitaliano Jubaland mwaka 1925. Walikuwa wakimfunga samaki aitwaye taza kamba mkiani na kumwachia majini. Naye, kwa kinyonyeo cha kichwani, hung'ang'ania gamba la kasa, na mvuvi akavuta kamba taratibu mpaka kasa akafika ubavuni mwa chombo. Vita vya Somalia vya 1991 viliwakimbiza wengi hadi Lamu, Mombasa na kambi za wakimbizi. Hukumu ya The Hague haikuandikwa kueleza maisha hayo.

Kazi hiyo ni ya fasihi ya uhalisia. Huko Mussel Slough, California, walowezi waligombea ardhi na kampuni ya reli; mahakama ya shirikisho ikaipa kampuni ushindi, na Mei 1880 watu saba wakafa kwa risasi. Frank Norris alikichukua kisa hicho akatunga riwaya *The Octopus*, iliyotoka 1901. Leo wengi wanawajua wakulima wale kwa riwaya hiyo kuliko kwa jalada la kesi. Kwetu, Adam Shafi aliwafanyia hivyo makuli wa bandari ya Unguja katika *Kuli*.

Bahari ya Wabajuni bado haijapata riwaya yake ya Kiswahili inayojulikana hivyo. Wazee waliovua Chovai na Koyama kabla ya 1991 wanazidi kupungua. Waandishi wa Lamu na Mombasa wawafuate sasa, na wachapishaji wetu watenge fedha za kazi hiyo mapema.