Mkate wa Kuwakumbuka Waliotutangulia

MWEZI wa Novemba unapobisha hodi, maduka ya mikate nchini Meksiko hunukia machungwa na sukari. Ni majira ya kuwakumbuka wafu. Tarehe 1 hukumbukwa watoto waliofariki, na tarehe 2 watu wazima. Familia huandaa meza nyumbani na kuweka picha ya marehemu, mishumaa, maji, chumvi, maua na chakula alichokipenda. Pamoja na hivyo huwekwa mkate mtamu wa duara uitwao pan de muerto, yaani mkate wa marehemu. Juu yake huwa na vipande vya donge vilivyofinyangwa mfano wa mifupa. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya Meksiko yanatuhusu nini sisi wa Daraja Mbili? Yanatuhusu, tena sana.

Kwetu Gusii mtoto aghalabu hupewa jina la jamaa aliyefariki, na kaburi la mwenye jina huwa papo hapo bomani, karibu na migomba. Lakini watoto wengi siku hizi wanalelewa Nairobi, Nakuru na Mombasa. Nyumbani wanafika Desemba, au wanapoitwa kwenye mazishi. Binti anaitwa Nyaboke, na ukimuuliza Nyaboke wa kwanza alikuwa nani, anamtazama mama yake. Mama naye anamtazama nyanya. Siku nyanya atakapoondoka, nani atatazamwa? Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa.

Zamani wazee waliwatolea ebirecha, yaani roho za wahenga, sadaka ya mnyama na pombe ya wimbi. Leo Wakatoliki huwaombea marehemu tarehe 2 Novemba. Waadventista, ambao ni wengi huku kwetu, huamini kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote, kwa hiyo hawawaombei. Hatuingilii imani ya mtu. Mkate wa leo ni wa walio hai. Utaliwa mezani, na kila anayekata kipande atataja jina moja na kisa kimoja cha mwenye jina hilo.

Mahitaji yote yanapatikana sokoni na madukani. Tumeongeza wimbi ili mkate uwe na ladha ya nyumbani.

MAHITAJI
Unga wa ngano vikombe 3 na nusu
Unga wa wimbi nusu kikombe
Sukari nusu kikombe, na nyingine kidogo ya kunyunyizia
Hamira vijiko 2 vya chai
Chumvi nusu kijiko cha chai
Mayai 3
Siagi au majarini gramu 125, na nyingine kidogo ya kupaka
Maziwa ya vuguvugu nusu kikombe
Machungwa 2
Iliki 4 zilizotwangwa

NAMNA YA KUPIKA
Koroga hamira na kijiko kimoja cha sukari katika maziwa, kisha subiri dakika 10 hadi yatoe povu. Kwaruza maganda ya machungwa, ile sehemu ya rangi tu, kwa maana nyeupe ya ndani ni chungu.

Changanya unga, sukari, chumvi, iliki na maganda. Tia mayai na maziwa, ukande. Ongeza siagi kidogo kidogo. Kanda kwa dakika 15 hadi donge liwe laini na liache kunata mkononi. Usizidishe wimbi, kwa sababu halivutiki kama ngano, na mkate utakuwa mzito kama tofali.

Funika donge kwa kitambaa uliache liumuke mpaka liwe mara mbili, yapata saa moja na nusu. Kisii ni nchi ya milima na baridi, hivyo liweke karibu na jiko, lakini si juu yake.

Kata robo ya donge uiweke kando. Lililobaki lifanye duara na uliweke katika sufuria iliyopakwa siagi. Ile robo viringisha vipande vinne virefu mfano wa mifupa, uvipange juu kwa msalaba, na katikati uweke kidonge kimoja. Kazi hii waachie watoto. Acha mkate uumuke tena dakika 40.

Mwenye oveni aoke kwa moto wa nyuzi 180, dakika 35 hivi. Asiye nayo asikate tamaa. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu chini, iweke ile ndogo ndani na ufunike. Weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Baada ya dakika 40 ugonge mkate kwa chini: ukilia kama ngoma ndogo, umeiva. Ungali moto, upake siagi iliyoyeyushwa na kunyunyizia sukari.

Familia isiyopenda tarehe ya Novemba inaweza kuuoka 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa. Hapo wanafunzi wataje majina ya babu na nyanya zao, kisha wamtaje Otenyo, aliyemchoma mkuki mtawala wa Kiingereza Northcote mwaka 1908, na Moraa, mwanamke aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Hao nao ni wahenga wetu.

Mama mwenye nyumba, kabla ya kukata mkate, mpe mtoto mkubwa kalamu na daftari. Kila jina litakalotajwa aliandike, pamoja na mahali mtu huyo alipozaliwa na kazi aliyoifanya. Mkate utakwisha jioni hiyo hiyo kwa chai. Daftari litunzeni, mliongezee kila mwaka.

Hadi Jumapili ijayo, mapishi mema.