Hospitali isipoeleza, mpiga ramli ataeleza

Makomredi, sisi tunaotoka Shinyanga na Geita tuna kazi moja ya likizo ambayo haimo kwenye ratiba ya chuo: kumsindikiza mgonjwa hospitali. Ukishaitwa msomi wa ukoo, basi bibi akiugua kule Kahama, au kaka akiangukiwa na kifusi duarani Nyarugusu, simu ya kwanza inapigwa kwako. Unafika, unashika kadi, unapanga foleni, unalipia vipimo kwa kibaki cha boom. Lakini kumuuliza daktari maswali? Hapo wote tunanywea. Daktari kasema, imekwisha.

Mimi nasema haijaisha. Kuuliza na kuelezwa ni haki ya mgonjwa, na kwa upande wetu wa nchi haki hiyo ikikosekana madhara yake hayaishii wodini.

Tuanze na kuuliza. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), walilazwa vijana wawili wenye jina la kwanza linalofanana. Mmoja alipaswa kupasuliwa goti, mwenzake kichwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Huyu aliyekuwa na tatizo la kichwa alifariki baadaye. Hapo si zahanati ya kijijini, ni taasisi ya taifa yenye mabingwa. Na si sisi tu: mwanzoni mwa 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kule Nairobi ilimfungua kichwa mgonjwa ambaye siye aliyepangiwa upasuaji huo.

Dawa ya makosa ya namna hii haihitaji mashine ya mabilioni. Kati ya 2007 na 2008, hospitali 8 duniani zilijaribu orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19. Mojawapo ilikuwa St. Francis ya Ifakara, hapa hapa kwetu. Kabla ya usingizi, mgonjwa anathibitisha jina lake, upasuaji anaofanyiwa na sehemu inayopasuliwa. Kabla ya kisu, timu nzima inasimama na kuyataja tena kwa sauti. Kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, vifaa vinahesabiwa. Matokeo yalichapishwa 2009: kwa hospitali zote 8 kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja na mdomo wa kuuliza!

Sasa ipeleke hiyo karatasi kwetu. Bibi anayejua Kisukuma tu anaulizwa kwa Kiswahili cha haraka haraka, naye kwa heshima anaitikia "eeh". Ile "eeh" inaandikwa kuwa ameridhia. Mchimbaji analetwa amezimia, na wenzake wanamjua kwa jina la utani la machimboni tu. Kama hakuna anayesimama na kuuliza "huyu ni nani, anafanyiwa nini, kwa nini?", tunategemea bahati.

Tuje kwenye kuelezwa. Mgonjwa akifa, ndugu wanaambiwa "presha ilishuka" au "tumejitahidi", kisha wanaonyeshwa njia ya mochwari. Wanarudi kijijini na maiti na swali. Swali halikai bila jibu, bwana. Hospitali isipolijibu, litajibiwa kwa mpiga ramli, naye hana kawaida ya kutaja upungufu wa damu au rufaa iliyochelewa. Anataja mtu. Sote tunajua kwetu mtu huyo huwa nani: mara nyingi ni bibi kizee mwenye macho mekundu, mekundu kwa sababu amepikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote. Vikongwe wangapi wa Usukumani wamekatwa mapanga kwa tuhuma za namna hii? Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Marufuku ni sawa, lakini swali la mfiwa huliwezi kulipiga marufuku. Dawa yake ni jibu.

Naomba nisieleweke vibaya. Kifo peke yake si ushahidi wa uzembe. Wapo wanaofika wamechelewa, wapo wanaoanza na mitishamba, na yupo nesi mmoja anayehudumia wodi nzima usiku kucha. Kumtukana huyo nesi au kumrekodi na kumrusha mtandaoni hakumponyi mtu. Ila uchache wa watumishi si sababu ya kuficha kilichotokea. Daktari mwaminifu analindwa na maelezo: akieleza vizuri na akaandika vizuri, hata familia yenye hasira itaona alichofanya. Anayefaidika na ukimya ni yule aliyezembea.

Kwa hiyo, ukimsindikiza mgonjwa, uliza mambo matatu: ugonjwa ni nini, mnamfanyia nini, na kuna hatari gani. Kama mgonjwa hajui Kiswahili, mtafsirie kabla hajaweka dole gumba. Andika tarehe, saa na majina ya waliomhudumia. Tunza risiti, majibu ya vipimo na karatasi ya ruhusa. Ukiona mambo hayaendi, anza kwa mganga mfawidhi, kisha mganga mkuu wa wilaya, kisha wa mkoa. Malalamiko ya kitaaluma yanapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, lililo chini ya sheria ya 2017, au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukiombwa rushwa, piga TAKUKURU 113, bure. Mahakamani, madai ya uzembe yana kikomo cha miaka 3, na kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya siku 90. Familia nyingi zinamaliza msiba, zinarudi shambani, na muda unapita bila mtu kujua kwamba ulikuwa unahesabiwa.

Serikali yetu ya wanafunzi inaweza kufanya kitu hapa bila bajeti kubwa. Kabla ya likizo ndefu, wenzetu wa sheria na wa udaktari watupe jioni moja tu ya kufundishana hatua hizi. Wanaojua Kisukuma waziandike kwenye ukurasa mmoja ambao bibi anaweza kusomewa akaelewa. Wa udaktari nao wasikilize kwa makini maswali yatakayoulizwa jioni hiyo, maana miaka michache ijayo ni wao watakaokuwa wamevaa koti jeupe, na sisi tutakuwa upande wa pili wa meza tukisubiri majibu.