Jina la tovuti liandikwe kwa jina lako

Na Kaumba Nawej

Mwisho wa mwaka 2020 mtaalamu wa usalama wa intaneti kutoka Uswidi, Fredrik Almroth, aliona kwamba jina scpt-network.com limeachwa bila kulipiwa. Akalinunua. Jina hilo lilibeba baadhi ya seva zinazoelekeza tovuti zote zinazoishia na .cd, herufi za nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilizo chini ya SCPT, shirika la serikali la posta na simu. Kwa ada ndogo tu, mgeni mmoja alipata uwezo wa kugeuza njia ya karibu nusu ya wanaotafuta tovuti hizo. Kwa bahati alikuwa mtu mwema: Januari 2021 aliwaarifu wahusika, na kazi ikahamishiwa scpt-network.net. Angekuwa mwizi, angewapeleka watu kwenye kurasa za uongo na kuwanyang'anya nywila zao.

Kama dola lenyewe lilisahau kulipia jina, je, mama mwenye kampuni ya kupikia wafanyakazi wa mgodi?

Tangu sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iwatengee Wakongomani kazi za ukandarasi mdogo, vijana wetu wa Musumba na Kapanga wanashuka Kolwezi kutafuta soko migodini: chakula, usafiri, nguo za kazi. Mwenye tovuti na barua pepe ya kampuni yake huheshimiwa katika ofisi ya manunuzi. Basi anaitwa kijana anayejua kompyuta, analipwa, tovuti inasimama. Jina limesajiliwa kwa nani? Kwa kijana. Tangazo la kulilipia upya linafika wapi? Kwa kijana. Siku akihamia Lubumbashi na kubadilisha namba, mwenye biashara hana pa kushika.

Na anayeshika jina anashika pia barua pepe. Hapo ndipo pesa hupotelea. Mwizi mwenye akili haharibu ukurasa hata kidogo. Anasoma barua kimya, anasubiri ankara itumwe, kisha anamwandikia mteja kwa anwani ileile: akaunti yetu ya benki imebadilika, lipeni huku.

Yapo mengine ya kufanya. Tovuti nyingi ndogo hujengwa kwa WordPress, na wadukuzi hupenyea zaidi kwenye vijiprogramu vya nyongeza vilivyosahauliwa. Visasishwe, visivyotumika vifutwe, na nakala ya tovuti itunzwe mahali pengine. Kazi hiyo mwachie kijana. Jina ulishike mwenyewe: akaunti ya usajili iwe yako, kwa barua pepe yako, nywila yake isitumike pengine popote, na uthibitisho wa hatua mbili uwe kwenye simu yako. Ukiweza, lipia miaka kadhaa kwa mara moja.

Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inamwadhibu anayeingia katika mfumo wa mwenzake bila ruhusa, na ni vema. Ila pesa ikishavuka kwenda benki ya nchi nyingine, kuirudisha ni kazi ngumu mno kwa mfanyabiashara mdogo.

Ndiyo maana kampuni za madini nazo zina wajibu. Ofisi ya malipo ikipokea barua ya kubadilisha akaunti, impigie simu mkandarasi kwa namba iliyo kwenye mkataba, si ile iliyoandikwa ndani ya barua. Naomba sharti hilo liingizwe katika kila mkataba wa ukandarasi mdogo unaotiwa saini Kolwezi.